Muziki Unaojua Siri: Mwongozo Kamili wa Kuweka Muziki Kwenye Filamu Fupi

Filamu ya kwanza niliyoihariri peke yangu iliharibiwa na kinanda. Mama ameketi kwenye benchi la hospitali, mwanawe yuko ndani, daktari anatokea mlangoni akivua glavu. Nilikuwa nimeweka kinanda cha huzuni tangu mama alipokaa, nikiamini namwandaa mtazamaji kwa machozi. Tukaionyesha kwenye kibanda umiza cha mtaani: watu kama arobaini, mabenchi ya mbao, feni moja. Daktari hajafungua mdomo, kijana wa benchi la nyuma akasema kwa sauti, "Huyo dogo kashaondoka." Kibanda kizima kikacheka. Daktari aliposema alichokuja kusema, hakuna aliyekuwa akimsikiliza.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini mimi mawingu niliyaleta mapema mno, watu wakawa wameshaanua nguo na kuingia ndani. Tangu siku ile kila kipande cha muziki nakiuliza swali moja kabla ya kukiweka: wewe unajua nini, na nani mwingine hapa anakijua? Muziki unaojua kilekile ambacho uso wa mwigizaji umeshakisema hauna kazi. Unaojua siri ukaimwaga kama mtama penye kuku wengi unaua hadithi. Tunautaka ule unaojua siri na kuinong'ona kwa wakati wake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetengeneza filamu ya dakika 10 hadi 30, mwenye laptopu, programu ya kuhariri, na rafiki mmoja au wawili wanaojua kupiga ala. Ili tusielee hewani, tuchukue filamu moja ya kubuni twende nayo.

Filamu yetu ya mfano

Dakika 18, Bagamoyo. Shomari ni mvuvi mwenye tabia ya kupiga mluzi anapoisukuma mashua yake majini. Anaondoka alfajiri, harudi. Mkewe Mwanaidi anangoja siku tatu, na watu wanaanza kuzungumza kwa sauti ya chini akipita. Kassimu, mdogo wake Shomari, anamfariji shemeji yake na kupokea rambirambi. Yeye peke yake anajua kwamba kaka yake hakuzama. Ameiuza mashua, amehamia kisiwa cha Mafia. Mwanaidi yuko karibu kukalishwa eda ya mume aliye hai.

Hatua ya kwanza: kaa na picha isiyo na muziki

Usifungue folda ya muziki kwanza. Itazame filamu mara tatu. Mara ya kwanza zima sauti yote. Utaona ni wapi picha inasimama yenyewe na ni wapi inalegea, na mahali inapolegea mara nyingi dawa yake ni mkasi. Mara ya pili washa mazungumzo na sauti za mahali: mawimbi, kuku, pikipiki ya mbali. Mara ya tatu shika kalamu, uandike mambo matatu kwa kila sini: saa yake ndani ya filamu, kinachotokea, na nani anajua nini.

2:10. Shomari anasukuma mashua, anapiga mluzi. Hakuna siri bado.

5:45. Mwanaidi ufukweni, jua linazama. Mtazamaji ana wasiwasi uleule alio nao yeye.

7:00. Dukani, redio inaimba taarab. Mwanaidi ananunua mafuta ya taa.

9:30. Kassimu anahesabu rambirambi chumbani. Yeye anajua, sisi hatujui.

13:20. Wanawake wazima wanamweleza Mwanaidi kuhusu eda. Tumeanza kushuku.

16:40. Mwanaidi anaiona mashua ya mumewe ikiwa na nahodha mwingine.

Lile jambo la tatu, nani anajua nini, ndilo lenye mali. Pale 9:30 mhariri asiye na karatasi hii ataweka muziki wa huzuni, kwa kuwa ni msiba. Mwenye karatasi anaona kwamba mtu aliyemo chumbani hana msiba wowote, ana hesabu. Muziki wa huzuni hapo ungekuwa uongo, na mtazamaji akija kuujua ukweli baadaye ataudai.

Kazi hii ifanye baada ya kufunga picha, yaani mikato yote ikishakubaliwa na haibadilishwi tena. Ukishatunga muziki wa sini ya sekunde 48, kisha mwongozaji akakata fremu 20 katikati, kila kitu kinahama. Wapo waliofanya kinyume wakafanikiwa: kwa filamu ya *Once Upon a Time in the West* ya 1968, Ennio Morricone alitunga muziki kabla ya kupiga picha, na Sergio Leone akaupigisha eneo la kazi waigizaji wakitembea kwa kasi yake. Lakini wale walijuana tangu shule ya msingi. Kama wewe na mtunzi wako mmejuana wiki iliyopita, fungeni picha kwanza.

Hatua ya pili: chagua ukimya kabla ya kuchagua muziki

Filamu zetu nyingi zina ugonjwa mmoja, nami nimeuugua: muziki unaanza kwenye jina la kampuni na unakoma kwenye majina ya mwisho. Sababu ninaijua. Sauti ya kamera ilikuwa mbaya, feni inanguruma, jirani anachomelea mageti, basi tunafunika kwa muziki kama mtu anayefunika ukuta wenye nyufa kwa kalenda. Dawa ya hilo ni kurekodi sauti ya mahali. Kila eneo mnalopiga, kabla hamjaondoka, watu wote wasimame kimya kwa dakika nzima maikrofoni ikirekodi. Dakika hiyo ndiyo utakayotandika chini ya mazungumzo ili mikato isisikike, na itakuondolea haja ya kuficha.

Ukimya una faida nyingine kubwa, na mfano wake bora ni papa wa *Jaws*, filamu ya Steven Spielberg ya 1975. Mtunzi John Williams alimpa papa sauti mbili tu zinazopakana, E na F, zikirudiwa polepole kisha haraka. Papa wa mashine waliyemtengeneza aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, hivyo sehemu kubwa ya filamu papa haonekani. Sauti mbili ndizo zinazoogelea badala yake. Sasa tazama ujanja wenyewe. Kuna sini ambapo vijana wawili wanawatisha waogeleaji kwa pezi la bandia. Watu wanakimbia, wanakanyagana, na muziki wa papa haupo. Mtazamaji makini anakuwa ameambiwa ukweli kwa kunyimwa muziki. Halafu baadaye, akishaamini kwamba muziki humtangulia papa daima, papa anachomoza nyuma ya boti bila hata sauti moja, na ukumbi mzima unaruka.

Kwa mtu asiye na bajeti somo ni mawili. Kitu usichoweza kukionyesha, muziki unaweza kukisimamia: dhoruba iliyoichukua mashua huna fedha za kuipiga picha, lakini unazo za ngoma moja. Na mtazamaji hujifunza kanuni za muziki wako ndani ya dakika tano za kwanza, bila kujua kwamba anafundishwa. Ukizivunja ovyo anakuchoka. Ukizivunja mara moja, mahali pamoja, unamshika.

Kwa filamu yetu napendekeza 5:45 pawe kimya kabisa. Jua linazama, mwanamke anangoja, kila mhariri duniani angeweka kitu hapo. Acha mawimbi. Muziki wowote utakaouweka utamwambia mtazamaji ama Shomari amekufa ama yuko hai, na hatutaki ajue lolote.

Hatua ya tatu: muziki wa ndani na muziki wa nje

Muziki wa ndani ni ule ambao wahusika wanausikia: redio, harusi, simu inayolia, mtoto anayeimba akitwanga. Wa nje tunausikia sisi tu. Tofauti ni rahisi, ila kuvuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili ndiko kuna utamu.

Chukua redio ya dukani pale 7:00. Ili isikike kama redio, kata sauti nzito zote chini ya hezi (kipimo cha unene na wembamba wa sauti) 300 hivi na nyembamba juu ya hezi 4,000, kisha ongeza mwangwi kidogo wa chumba. Mwanaidi akitoka dukani, kwa muda wa sekunde nne au tano, rudisha zile nzito na nyembamba taratibu na uondoe mwangwi. Mtazamaji hatajua kilichotokea, ila wimbo utakuwa umetoka kwenye kiboksi cha redio na kuingia kichwani mwa Mwanaidi.

Halafu kuna suala la maneno. Msikilizaji wa Pwani husikiliza maneno kabla ya ala. Ukiweka wimbo wenye mashairi chini ya mazungumzo, umewaweka watu watatu wanaozungumza badala ya wawili, na yule wa tatu anaimba. Kwa hiyo ama waigizaji wanyamaze wimbo upite, ama utumie ala bila mwimbaji. Na maneno yenyewe yapime kama unavyopima jina la kanga unayomnunulia wifi, maana yatasomwa. Kwa sini ya dukani ningemwomba mshairi atunge ubeti wetu wenyewe, wenye mstari kama huu: *Aliyekwenda na maji, mchangani ana nyayo.* Dakika ya saba unapita kama wimbo wa redio tu. Dakika ya kumi na saba mtazamaji anaukumbuka na mwili unamsisimka. Ndiyo kunong'ona ninakokusema.

Nafungua mabano hapa. Taarab ina kitu ambacho waandishi wa filamu wetu hawajakitumia vya kutosha, nacho ni kutunza. Mwanamke anakaa utulivu nyimbo mbili nzima. Unafika ubeti fulani, mmoja tu, anainuka na noti mkononi, anakwenda kwa mwimbaji kwa mwendo wa pole, huku macho yakimtazama mtu wa meza ya tatu. Ukumbi mzima umeelewa nani kasemwa. Hakuna mazungumzo yanayoweza kushindana na hilo: ugomvi wa miaka miwili umesimuliwa kwa ubeti, noti na mtazamo. Ukiwa na sini ya harusi, itumie. Nafunga mabano.

Hatua ya nne: mpe mhusika kibwagizo

Kibwagizo cha mhusika ni kipande kifupi cha sauti kinachomwakilisha hata asipokuwepo. Kifupi kweli: sauti nne au tano, kitu ambacho mtoto anaweza kukiimba akitoka ukumbini. Kikizidi hapo kimekuwa wimbo, na wimbo haukunjiki kirahisi.

Mwongozaji Fritz Lang alilielewa hili mapema. Katika *M*, filamu ya Kijerumani ya 1931, sinema ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kusema. Muuaji wa watoto ana mazoea ya kupiga mluzi wa kipande kimoja cha mtunzi Edvard Grieg. Mara kadhaa hatumwoni, tunausikia mluzi tu, na damu inapoa. Anayemtambua mwishoni ni kipofu, muuza maputo, kwa masikio. (Mwigizaji Peter Lorre hakujua kupiga mluzi, aliyepiga ni Lang mwenyewe. Mkikosa mpiga mluzi, mwongozaji ajaribu.)

Shomari wetu naye ana mluzi, na sasa unaona kwa nini. Tuufuatilie.

Pale 2:10 tunausikia mzima, sauti tano, kwa mdomo wake, kwenye upepo. Hakikisha kamera inauona mdomo, na hakikisha hakuna muziki mwingine wowote kabla ya hapo. Sauti ya kwanza yenye mpangilio kwenye filamu iwe hiyo. Pale 9:30, Kassimu akihesabu noti, udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, unapiga sauti tatu za mwanzo, taratibu, kisha unaacha. Tatu tu. Masikio ya mtazamaji yanazitafuta mbili zilizobaki, na hapo ndipo shaka inapozaliwa: kwa nini marehemu anasikika chumba hiki? Kassimu akisema "Mungu amrehemu" pale mlangoni, udi unagusa ya nne. Huko 13:20, wakati wa eda, usiweke mluzi kabisa. Wanawake wale hawajui, Mwanaidi hajui, na muziki usijifanye mjuaji mbele yao. Halafu 16:40, mashua inapita na nahodha mgeni. Hapa kishawishi ni kuzimwaga zote tano kwa ala zote. Mimi ningeweka ukimya, uso wa Mwanaidi, kisha ningemwacha yeye mwenyewe, kwa pumzi iliyokatika, apige mluzi ule. Anafika ya nne. Mkato.

Kibwagizo hubadilishwa kwa njia chache ambazo hazihitaji shahada ya muziki: kipunguze kasi, kishushe chini kwa oktava moja, kipe ala nyingine, au kikate kabla hakijaisha. Usifanye yote kwa pamoja kwani hakitatambulika. Na wahusika wenye vibwagizo wasizidi wawili katika filamu ya dakika 18. Nimewahi kuvitunga vitano, na mwishoni mimi mwenyewe nikawa navichanganya.

Hatua ya tano: chagua ala kwa tabia

Watu huchagua ala kwa kabila la mhusika: Mgogo apigiwe zeze na marimba, Mmakonde ngoma za sindimba, mtu wa Pwani udi. Kuna mahali inafaa, lakini mara nyingi inageuza filamu kuwa tangazo la utalii. Jiulize tabia ya hali: je, inakwaruza au inateleza? Ina mwangwi au imekauka? Zeze la waya mmoja linakwaruza hata kama sini iko ghorofani Kariakoo. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, inateleza kama maji hata kama sini iko Singida.

Kikomo husaidia. Bernard Herrmann alipotunga muziki wa *Psycho* ya Alfred Hitchcock mwaka 1960, alitumia ala za nyuzi peke yake, bila tarumbeta wala ngoma, kwa filamu isiyo na rangi. Hitchcock alitaka ile sini ya mauaji bafuni isiwe na muziki wowote. Herrmann akautunga hivyohivyo, akampigia, Hitchcock akabadili mawazo. Vile vilio vya fidla ni uta kuvutwa kwa nguvu juu kabisa ya nyuzi, basi. Nawe chukua ala moja uikamue: udi ukichambuliwa, udi ukisuguliwa kwa ukucha, mwili wa udi ukipigwa kwa kiganja kama ngoma. Utapata sauti sita zinazofanana kama ndugu, na filamu itakuwa na sura moja.

Namna ya kurekodi: mwite mpigaji, msimulie hadithi lakini usimwimbie unachotaka. Mwonyeshe sini kwenye laptopu huku maikrofoni ikiwa imeshawashwa, apige akiitazama. Mpiga tarumbeta Miles Davis alifanya hivyo Paris, Desemba 1957, kwa filamu ya Louis Malle: alitazama vipande, akapuliza papo kwa papo na wenzake wanne. Rekodi angalau mara tatu. Ya kwanza anafuata picha kwa woga, ya pili anaonyesha ufundi, ya tatu amechoka kidogo na anapiga kinachotakiwa. Mara nyingi ninayoitumia ni ya tatu.

Zumari na saksafoni ziwekee alama nyekundu. Sauti zao zinakaa palepale ambapo maneno ya binadamu yanapata uwazi wake, hivyo zikiwa chini ya mazungumzo zinayameza hata ukizipunguza. Ziwekee sini zisizo na maneno.

Hatua ya sita: kasi, fremu na mlango wa kuingilia

Hesabu kidogo. Kama filamu yako ni fremu 25 kwa sekunde, gawanya 1,500 kwa idadi ya mapigo kwa dakika, utapata fremu ngapi ziko kati ya pigo na pigo. Mapigo 60 yanakupa fremu 25, mapigo 75 fremu 20, mapigo 100 fremu 15. Hizo ni namba nzima, mikato itakaa vizuri. Mapigo 120, ambayo maprodyuza wengi huyapenda, yanakupa 12 na nusu, na nusu fremu haipo. Kwa fremu 24 kwa sekunde tumia 1,440. Huko 120 inakaa sawasawa kwenye fremu 12.

Ukishapata hesabu, usiitumie kila mahali. Mkato mmoja kati ya minne au mitano ukiangukia pigo inatosha. Mhusika akipanda ngazi na kila hatua ikapigiwa ngoma, umetengeneza katuni ya paka na panya.

Ngoma nyingi za Pwani, chakacha ikiwemo, zina mdundo unaohesabika mbili na pia tatu kwa wakati mmoja. Maana yake kwa mhariri ni kubwa: bila kubadili kasi ya muziki unaweza kukata picha kwa ile hesabu pana sini iwe tulivu, kisha ukahamia hesabu ya karibu sini ikawa na mbio. Mpigaji hajagusa kitu.

Kuhusu kuingia, muziki unaoanza hasa kwenye mkato husikika kama mlango unaobamizwa. Uanze kwenye tendo: mtu anageuza kichwa, anaweka kikombe, anavuta pazia. Au ubebwe na sauti nyingine, injini ya boti inanguruma na udi unazaliwa ndani ya ngurumo hiyo. Na kama ni habari mbaya, muziki uje baada ya habari, sekunde tatu au nne, uso ukishapokea. Hiki ndicho nilichokosea hospitalini. Kutoka ni vivyo hivyo: usishushe sauti taratibu kila mara kama DJ anayefunga harusi. Mwache mpigaji amalize sentensi yake, au umkate katikati kama hadithi inakata.

Hatua ya saba: muziki wa muda na hatari yake

Wakati wa kuhariri utaweka muziki wa mtu mwingine ili upate hisia. Ni kawaida, ila weka kwa wiki moja, kisha uondoe. Ukiusikia mara mia mbili hutakubali mwingine. Stanley Kubrick alihariri *2001: A Space Odyssey* ya 1968 kwa rekodi za muziki uliokuwepo tayari, huku Alex North ameajiriwa na kutunga muziki mpya. Zile rekodi za muda zikabaki, na North akaja kugundua siku ya kuitazama filamu. Kwa Kubrick ilitoka kazi kubwa. Wewe huna fedha za kulipia haki za rekodi ile, kwa hiyo kwako utatoka mgogoro.

Hatua ya nane: karatasi

Fupi, ila usiruke. Rekodi moja ina haki mbili: ya aliyetunga na ya mwenye rekodi. Kibali cha mmoja hakitoshi. Biti uliyonunua intaneti kwa ajili ya wimbo haimaanishi umeruhusiwa kuiweka kwenye filamu, soma masharti. Ile habari kwamba chini ya sekunde 30 ni bure haina msingi wowote kisheria. Kwa Tanzania sheria ni ya hakimiliki na hakishiriki ya 1999, na ofisi ni COSOTA. Kenya ni KECOBO. Na mpigaji udi wako, hata kama ni binamu yako na amekula pilau kwenu, asaini karatasi yenye jina la filamu, vipande alivyopiga, malipo, na ruhusa ya filamu kuonyeshwa matamasha, televisheni na intaneti. Binamu hubadilika filamu ikipata zawadi.

Hatua ya tisa: kuchanganya

Rekodi na toa kila kitu kwa kilohezi 48, ambacho ndicho kipimo cha video. Muziki mwingi unaopakuliwa uko 44.1, ubadilishe ipasavyo kwenye programu kabla ya kuuweka.

Panga mazungumzo kwanza, filamu nzima, muziki ukiwa umezimwa. Kisha sauti za mahali. Muziki uje wa mwisho. Chini ya maneno mimi huanzia desibeli 18 chini ya sauti ya mzungumzaji, kisha napandisha kidogokidogo hadi nianze kukaza masikio, narudi nyuma kidogo. Badala ya kushusha muziki wote, jaribu kwanza kuuchimbia shimo kwa ikwalaiza (kifaa cha kwenye programu cha kupandisha na kushusha sauti nzito na nyembamba) kati ya hezi 2,000 na 4,000. Maneno yataonekana yamesogea mbele bila muziki kufifia.

Halafu weka hedifoni pembeni, cheza filamu kwenye simu ya kawaida. Spika ndogo za simu hazitoi sauti nzito. Kila kilicho chini ya hezi 200 karibu chote kinapotea. Ngoma yako ya dhoruba iliyotikisa studio, kwenye simu haipo, na watazamaji wako wengi wako kwenye simu. Nakili sauti hiyo, ipandishe oktava moja, iweke chini yake kwa kiasi kidogo. Udi wetu hauna shida hiyo, sababu nyingine ya kuupenda.

Hatua ya kumi: watazame watazamaji

Ipeleke filamu kwa watu wasiosoma muswada, wa kibanda umiza ikiwezekana, maana pale hakuna adabu za bure. Kaa mbele pembeni, uwatazame wao, usitazame skrini. Andika dakika ambayo mtu ametoa simu mfukoni, dakika ambayo miguu imeacha kuchezacheza, dakika ambayo mtu amemgeukia jirani yake. Usiulize kama muziki ulikuwa mzuri, watakwambia ndiyo. Uliza: "Kassimu anajua nini, na wewe ulikijua lini?"

Wakisema walijua alipokuwa anahesabu fedha, udi wako umesema sana. Ondoa sauti moja kati ya zile tatu, au ishushe kwa desibeli 4. Wakisema hawakujua hadi mashua ilipopita, mluzi wa mwanzo haukuwaingia. Rudi 2:10, ondoa sauti ya upepo, sogeza maikrofoni karibu, urekodi upya. Wakikwambia walihisi kitu kibaya kuhusu yule shemeji ila hawawezi kusema kilianzia wapi, funga faili, tengeneza nakala mbili, moja uiweke nje ya nyumba.